Namba ya Msichana Shekue

Siku ya tano macho yake yaligeuka binzari.
Kwanza jicho, kisha pua, kisha kifua:
nilibonyeza kwa kidole, nikaachia,
manjano yakarudi kabla ya damu.

Nje, mji wa Erie haukuonekana.
Theluji ya ziwani haianguki, inamwagwa,
kama mtu kapasua gunia la unga
juu ya paa la Bwana Kowalczyk.

Kliniki wakasema: njoo saa nane, njoo na kadi ya mtoto.
Kadi gani?
Mtoto mwenyewe hana jina.

Mama mkwe, kule Mlalo, alikuwa bado anachagua,
anawapitia marehemu mmoja mmoja
kama mtu achambuaye mchele.
"Msiwape jina mapema," alisema kwenye simu,
"likitangulia ofisini, mtoto atalifuata wapi?"
Basi hospitali wakaandika kwenye kikuku cha plastiki
walichokiona: Msichana. Na ukoo wangu.

Baba yake yuko zamu ya usiku, anamimina vifuniko vya chupa.
Kazini bima huanza baada ya siku tisini.
Manjano hayajui kuhesabu hadi tisini.

Nikapiga. Bonyeza moja, bonyeza mbili.
Muziki. Kinanda kilekile, kikifika mwisho kinajikwaa,
kinaanza upya.
Nikanyonyesha titi la kulia. Muziki.
Nikahamia la kushoto.
Ndipo akaja mkalimani, sauti ya Bukavu tupu:
"Mama, banauliza, mutoto iko na numero?"
Hana.
"Banauliza, kwa nyumba muko bangapi?"
Nikasema wawili.
Kisha nikatazama mapajani pangu,
nikasema samahani, watatu.

Upande wa pili, mwanamke aitwaye Loretta akakohoa,
akagonga vitufe, akakohoa tena.
Nilikuwa nimejiandaa kuomba. Nilikuwa na maneno:
tafadhali nilikuwa nayo, na machozi pembeni
kama yangehitajika.
"Anauliza, wakati ulizaa, bima ya serikali ulikuwa nayo?"
Nilikuwa nayo.
"Basi anasema mutoto iko nayo pia.
Tangu alilia mara ya kwanza. Mwaka muzima.
Iko ndani ya yako."

Sikujibu. Mkalimani akaniita, mama, mama, uko?
Niko.
Siku tano nilisimama mlangoni nimembeba,
nabisha hodi kwenye nyumba
ambamo yeye alikwisha kulala.

Namba kumi. Kalamu sikuiona.
Niliziandika kwa wanja kwenye boksi la nepi,
nikalibeba boksi zima hadi kliniki chini ya koti,
mtoto mkono huu, namba mkono ule,
na muuguzi akazisoma bila kucheka.
Kisigino kimoja, tone moja, kilio kirefu.
"Yamepanda kidogo. Mrudishe kesho."
Tulirudi kesho. Tulirudi kesho kutwa.

Siku ya saba simu ililia kutoka Mlalo: Semeni.
Jina la shangazi aliyekufa akidai haki ya shamba lake.
Nikamnong'oneza sikioni. Akapiga chafya.

Wiki ya tatu ikaja barua, bahasha yenye dirisha:
Mpendwa Msichana Shekue, karibu.
Kadi ndani, ngumu, inang'aa.
Baba yake akacheka mpaka akakaa chini:
"Binti yangu anaandikiwa na serikali,
mimi miaka mitatu naandikiwa na kampuni ya umeme!"
Kisha akanyamaza, akaigeuza kadi.
"Lakini huyu si Semeni."

Kwa hiyo nimepiga tena, kusahihisha.
Moja. Mbili. Kinanda.
Dakika arobaini sasa, na theluji imeacha,
na yeye, macho meupe kama maganda ya yai,
kakisikia kinanda, kakitambua,
kafumba.
Kikijikwaa anashtuka kidogo, kikianza anatulia.

Kuna mtu amepokea. Anasema halo, halo.
Subiri kidogo, Bibi.
Ndiyo kwanza amelala.