Nati Sita za Shaba

Nyanjige aliegesha pikipiki mbele ya kibanda changu Kirumba,
hakunisalimia kwanza. Akaligonga kava la mbele kwa kidole:
kra-kra-kra, kama meno ya mtu mwenye homa.
"Sikia," akasema, "tangu Bugarika linanisema hivi."

Kazi yake kusoma mita za maji.
Milima yote ya mawe ameipanda na hii Honda ya mtumba,
maana palipo na mita ndipo pasipo na njia.
Plastiki ina kumbukumbu: kila jiwe imelikariri.

Nikashika bisibisi, nikazungusha skrubu ya kwanza.
Ikazunguka. Haikutoka.
Na nati iliyozikwa ndani ikazunguka nayo,
jino lililolegea kwenye ufizi:
kila upande linakubali, kutoka halitoki.

Ya pili vilevile.
Kwenye ya tatu nikaona gundi.
Gundi iliyochanganywa na jivu la sigara,
ngumu, ya kijivu, imechuruzika hadi kwenye rangi nyekundu.
"Nani kafanya uchafu huu?" akauliza Nyanjige.
Nikainamia koleo.

Kirumba ina mafundi wengi,
lakini wa kukung'utia jivu kwenye gundi ili ishike haraka
namjua mmoja.
Ulikuwa mwezi ule Lushinge wangu amelazwa Bugando,
nafanya kazi jicho moja kwenye saa, jingine kwenye kile kilima.
Niliikaza skrubu kama ninayemkaba mtu.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa. Lakini mkono mmoja, ukiwa na hofu,
unakata hesi.

Sikusema. Nikang'oa zote sita,
nikakwangua matundu mpaka plastiki safi.

Nati mpya nilizitoa kwenye mashine ya fotokopi
iliyofia duka la stesheneri, Mlango Mmoja.
Ndogo kama punje za mtama, za njano,
kiunoni zimechanjwa chanjwa
ili plastiki ikilainika ipate pa kushika.

"Hapa, Ng'wandu," nikamwambia kijana wangu, "usisukume.
Nati juu ya tundu, ncha ya solda ndani ya nati,
weka uzito wa mkono, nguvu ziache nyumbani.
Moto upite kwenye shaba, shaba iiombe plastiki.
Itazama yenyewe.
Ikibaki unene wa ukucha, toa solda,
bonyeza kwa ubapa wa chuma baridi,
hesabu ishirini.
Na usipulize! Plastiki ikipulizwa hujikunja na kinyongo."

Harufu ikapanda, kali, yenye utamu wa kuchefua,
ikakutana na ya dagaa kutoka Mwaloni;
mama wa chapati jirani akahamisha jiko.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
Ya tano ikaingia kombo,
kidogo tu, kama kofia ya mlevi.
Nikaipasha tena, nikaitoa, nikaanza upya.
Ng'wandu akanitazama:
hajawahi kuniona nikirudia kitu
ambacho mteja asingekiona.

Skrubu nilizirudisha kwa vidole viwili,
nikaishia pale ziliposema basi.

"Shilingi ngapi?"
"Ulishalipa."
"Lini?"
"Mwaka juzi, mwezi wa nne."

Akavitazama vipande vya gundi juu ya gunia,
akaitazama sigara niliyoichomeka sikioni.
Nikangoja matusi; nilikuwa nimeyatengea nafasi.
"Na yule mtoto," akasema, "uliyekuwa unampelekea uji?"
"Yuko darasa la tatu. Hesabu zinamshinda."
"Mlete. Mimi kutwa nasoma namba."

Akawasha, akaondoka kuelekea mlimani.
Nikazima redio ya Ng'wandu ili nisikie
mpaka ile kona yenye jiwe kubwa:
injini,
injini tu,
na kioo cha kushoto, kinachogongagonga,
ambacho hakuna aliyenitajia.