Risiti ya Kengele

Walikuja watatu, na mkokoteni, na maksai sita wa kuazima,
asubuhi ambayo kalenda mpya iliiita
siku ya saba ya Mwezi wa Ukungu.
Ukungu wenyewe haukusoma tangazo. Ulishuka ulivyozoea,
ukailalia mizabibu kama shuka la mgonjwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, Fiacre Bonnotte,
mpiga kengele wa Valmouron kama babaye na babuye,
alisimama mlangoni pa mnara, ufunguo mfukoni,
sikio la kushoto limekufa zamani:
Agathe alilichukua, pigo kwa pigo, miaka ishirini na sita.
Baba hakuwahi kulidai.

Agathe ndiye kengele mkubwa. Mdogo tulimwita Chiriku.
Sheria ilisema parokia moja, kengele moja.

“Taifa limezingirwa,” alisema mwenye utepe wa rangi tatu.
“Mfalme wetu tumemkata kichwa, na wafalme wenzake wamenuna.
Tunahitaji shaba.”
Baba akasema, “Sikusikii.”
Na ilikuwa kweli. Yule mtu alisimama upande wa kushoto.

Kamba tatu, gogo la mwaloni, matusi.
Alishuka kwa saa nne, tumbo mbele,
kama mjamzito anayeogopa ngazi.
Kamba moja ikakatika karibu na ardhi.
Alipogusa mawe alitoa mlio mmoja,
si wa harusi, si wa msiba, si wa moto,
na mbwa wote wa bondeni wakauitikia.

Wakampima: ratili elfu moja mia mbili na kumi.
Wakaandika risiti.
Baba, asiyejua kusoma, akaikunja mara nne,
akaitia ndani ya kofia.

Mwezi uliofuata walirudi kumchukua Lazare.
Kaka yangu hawakumpima.
Wala hawakuandika risiti.

Barua zilikuja mbili.
Ya kwanza ilitoka kambi ya mto Rhine: viatu vimeoza,
mkate una mchanga, na mizinga inaponguruma usiku
nalala fofofo, kama nilivyolala chini ya mnara.
Mama, mmoja wao nadhani namjua sauti.
Ya pili haikuwa mwandiko wake.

Ndipo karani wa wilaya akamletea mama haki yake:
sarafu kumi na mbili, za manjano yaliyochoka.
Watu walinong’ona zimetokana na kengele.
Mama akazigonga mezani, moja moja, akisikiliza.
Baba akachukua ya kwanza, akaibana kwa meno,
akaigonga kwa mpini wa kisu, macho kayafumba.
Aliyekosa sikio husikia kwa mfupa.
“Si yeye.” Akachukua nyingine. “Si yeye.”
Kwenye ya tisa alikaa.
Mshumaa ukapungua kidole kizima.
Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Miaka ikaenda. Chiriku, kwa kisauti chake cha kuku,
alipigwa kwa ushindi wa miji tusiyoweza kuitamka.
Mchuuzi wa sindano akasema sasa vijana wetu wako Misri,
wanakufa kwa kiu chini ya makaburi ya wafalme.
Mama akauliza kama huko kuna kengele.
“Hakuna niliyoisikia habari yake. Mtu hupanda mnarani akaita kwa koo lake.”
“Basi wao watachukuliwa koo,” mama akasema,
akachagua sindano mbili, moja ikiwa na kutu,
akaomba apunguziwe bei.

Zile sarafu tulizinunulia chumvi, uzi mweusi,
na kwato za mbuzi za kuchemshia supu.
Zilitumika kumi na moja.

Baba alikufa majira ya kuvuna zabibu.
Nilipomwosha nilikuta risiti kwenye kofia,
maandishi yamefutwa na jasho, imebaki namba tu.
Taya lake lilikuwa limekaza.
Mama alinizuia mkono.
“Mwache hivyo hivyo,” akasema.
Tukamzika amefumba mdomo.