Mzani wa Koru

Kompyuta mpya ililetwa Jumatatu,
nyembamba kama sinia la chai,
nailoni bado imeng'ang'ania kiooni:
meneja alikataza isibanduliwe.

Ile kuukuu ilikufa Ijumaa
kwa moshi mdogo na harufu ya mpira,
trekta kumi na moja za miwa foleni hadi relini,
madereva wakitafuna mzigo wa watu.

Nikaitwa kutoka Kondele.
Nikaitoa diski ya marehemu, nikaipangusa masizi,
nikanakili faili moja, MZANI,
ndogo kuliko picha moja ya harusi simuni mwangu.
Nikabonyeza.

Programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu mwenyeji hakutaka kupona.
Jumba la vyumba elfu,
na mgeni asiye hata na mkoba
anafukuzwa mlangoni kwa sababu ya lafudhi:
yeye husema biti kumi na sita,
humu husemwa sitini na nne.

"Aliyeiandika yuko wapi?"
Bi. Wilkista, karani wa mzani, akacheka kwa pua.
"Tuikong? Aliiandika masika ya tisini na moja
kwa nusu gunia la sukari.
Akahamia Lodwar. Sukari ilimwishia, nadhani."

Basi nikajenga banda ndani ya jumba,
programu inayojifanya kompyuta ya kale,
yenye kumbukumbu haba na uso mweusi.
Nikaamuru kwa maandishi, mstari kwa mstari:
wewe folda, kuanzia leo jina lako ni C;
wewe tundu la yuesibi, u mlango wa printa, usibishe.
Uongo mtupu.
Mgeni akaingia.

Kistari kikakonyeza. Kikakonyeza.
Kisha, kwa herufi nyeupe:
UZITO JUMLA? UZITO TUPU? MKULIMA?
Majina yote yamekatwa kwenye herufi ya nane.
NYANGWES, namba 0417, ekari mbili.
"Huyo ni mimi," akasema Bi. Wilkista.
"Miaka yote hii nalipwa bila o."

Trekta ya kwanza ikapanda mzani.
Tarakimu zikaruka kama panzi, zikatua,
na mlio wa kumruhusu dereva
ukatoka kama mbu aliyekanyagwa.

"Siyo."

Uzito ni sahihi, nikamwambia.
"Uzito ni sahihi. Mlio siyo.
Huo dereva hausikii."

Kosa lilikuwa mbio.
Tuikong alipima muda kwa kuhesabu:
hesabu hadi elfu sitini, kisha nyamaza.
Mashine ya enzi zake ilihesabu kwa vidole;
hii imemaliza kabla hujapepesa.
Mimi hula kwa kulalamikiwa, fundi, inakwenda polepole.
Sikuwahi kulipwa kuichelewesha.

Nikashusha mizunguko. Elfu ishirini:
"Huyo ndege."
Elfu nane:
"Huyo paka, tena mgonjwa."
Akafumba macho, akainua kidole,
akautoa mwenyewe kooni,
mlio wa chini, mrefu, wenye mkwaruzo mwishoni,
na huko nje dereva akatia gia, akaondoka
na miwa ya watu ambayo haikuandikwa popote.
Ikabidi akimbiziwe.

Elfu tatu na mia moja.
Hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa.

Printa ya sindano ikakwaruza risiti ya kwanza,
na kwa bahati ilikuwa miwa yake, 0417.
Akaniuliza kama naweza kumwongezea ile o.
Nikatazama: nafasi nane, kisha ukuta.
Ufunguo wa ukuta uko Lodwar, kama bado uko.

"Iache," akasema,
akachomoa biro nyweleni,
akaandika o, duara dogo, pembeni pa NYANGWES,
kwa mkono uliokwisha kuizoea kazi hiyo.

Trekta ya pili ilikuwa tayari inapiga honi.