Mapacha wa Wiyoni

Saa nimeishikia,
wawili wakikimbia,
vumbi wanitimulia,
mapema, Lamu, Wiyoni.

Famau, pachaye Shee,
mbio sawa wapokee,
nisije niwaonee,
tangu Machi hadi Juni.

Famau kwanza katweta,
pumzi akitafuta;
dakika mbili kakata,
na kicheko mdomoni.

Shee hakukosa siku,
hata baada ya daku
kakimbia kwa shauku;
saa yake i mwanzoni.

Wakasema: "Ni mvivu,
kifua chake kibovu."
Nikasema, kwa utuvu,
"Tupime tena, jamani."

Kipimo nacho hukosa:
upepo, njaa, mikasa;
jana si sawa na sasa,
na kidole si yakini.

Nikapima mara tatu,
pekupeku, na viatu;
haikusogea katu.
Ukweli, si kisirani.

Nikamshika mkono:
sitini, kisha matano.
Mapigo! Hilo ni neno.
Machi? Yali themanini.

Nilichora safu moja,
ya dakika, bila hoja.
Shee acheka, angoja
nichore tena pembeni.