Hati ya Makabidhiano

Sikudhani, pokea.
Muhuri: wino umekauka, utauloweka.
Sanduku: ufunguo mmoja wako,
mbili si zako, wala usiziulize zinalala wapi.
Daftari la marejesho. Ukurasa wa arobaini una doa la chai,
ndiyo siku niliyogombana na Mwantumu kuhusu mbegu.
Sote wawili tulikosea,
ila mimi nilikuwa na kiti.

Na shamba. Ekari mbili na robo.

Unakumbuka tulivyolipata?
Mkonge ulikuwa umeng'olewa juzi,
miaka sitini zao moja, mstari mmoja,
tangu babu yangu alipoletwa hapa Ngomeni, manamba,
na namba yake tukaisahau.
Chepe liliposhuka lililia kana kwamba limegonga sufuria.
Bibi shamba, yule binti wa Kihiyo,
akachuchumaa, akafukua kwa kisu cha jikoni:
juu, kiganja kimoja cha udongo laini;
chini, gamba.
"Hili," akasema, "limetengenezwa na jembe.
Mnapiga kila mwaka kina kile kile.
Udongo nao huzoea kupigwa."

Ninyi mliandika.
Mimi nilikuwa nahesabu:
miaka kumi na mmoja, uenyekiti,
kila Jumamosi sauti yangu inashuka
pale pale,
kina kile kile.

Na mbele ya diwani nilishasema, tena kwa kicheko,
wanawake wa huku hawapendi kusimama.

Basi tukaanza na shamba, maana shamba halina kinyongo.
Tuliweka jembe chini. Tukapanda fiwi, tukaacha mabua yalale,
tukatandaza nyasi hadi ardhi ikafunikwa kama mzazi wa juzi.
Wapita njia wakasema: shamba la wavivu.
Mama mkwe wako akasema: mnafuga nyoka.
Msimu wa kwanza tulivuna madebe matatu.
Uandike hivyo hivyo, matatu,
usije ukawadanganya watakaokuja.
Mwantumu aliondoka. Alirudi. Hatukumuuliza.

Na kikaoni nikaanza kunyamaza.
Kazi hiyo, mwanangu, inazidi kupalilia.
Jumamosi ya kwanza, robo saa nzima
tulisikiliza kuku.
Bodaboda ikapita kwenda Mlingano,
sote tukageuka kuitazama, tulivyokuwa na shida.
Ya pili, Bi Tabia akauliza bei ya magunia.
Ya tano, wewe,
wewe wa karibu na mlango, mtoto mgongoni,
ukasema ukiangalia vidole vyako vya miguu:
"Hesabu ya mwezi wa tatu haijakaa sawa."

Ilikuwa hesabu yangu.

Nilikasirika siku tatu, sitakuficha.
Siku ya nne nikaenda shambani kununa vizuri, peke yangu,
nikapiga teke matandazo,
na chini yake, mwekundu, mnene, hana haraka,
nyungunyungu.
Hatukumnunua. Hakuna aliyemleta.
Nikamfunika tena,
nikarudi nyumbani, nikaifanya upya hesabu ya mwezi wa tatu.
Ulikuwa umeona sawa. Elfu kumi na nne na mia mbili.

Nakuachia maneno machache, mengine utayaokota mwenyewe.
Usilete watu waliokwisha kuiva; lisha wanapoota.
Ukimwona anayesema sana, mpe kazi ya kupima mvua.
Kiti usikikalie zaidi ya misimu minne,
hata wakikulilia. Hasa wakikulilia.
Na ukivuna fiwi usiing'oe: kata juu,
mizizi iache huko huko chini, ina kazi yake.

Mimi nimekatwa juu.
Jumamosi utanikuta karibu na mlango,
mahali pako pa zamani.
Nilipajaribu jana, ukumbi mtupu.
Kumbe saa kumi jua linapiga pale moja kwa moja machoni,
huoni aliyekaa mbele.
Miaka yote ile.
Hukuwahi kusema.