Pindo

Sare ya darasa la tano niliishona mwenyewe:
sketi ya buluu, pindo vidole vinne,
maana mtoto haombi kitambaa ruhusa ya kurefuka.
Kila Januari nilifumua, nikashusha, nikapiga pasi.
Mstari mweupe wa mwaka jana ulibaki
kama alama ya maji ukutani, mafuriko ya Jangwani yakishapita.

Mwaka ule ule, Upanga, wakafungua kifua cha Mwajabu.
Homa ya koo tuliyoiita mafua
ilikuwa imekula mlango wa moyo wake.
Wakapima. Wana viduara vyenye vipini, daktari alinieleza,
wanajaribisha hiki, wanatoa, wanajaribisha kile,
kama mimi na vifungo.
Kumi na tisa, akasema. Milimita.
Ishirini na moja ilikataa kuingia.
Nikauliza swali la fundi:
"Mmemwachia pindo?"
Hakucheka. Alitazama viatu vyake.

Usiku valvu ililia ti, ti, ti,
saa ya mkononi iliyomezwa.
Nilizoea kulala nikiihesabu.
Kila mwezi kidole, tone la damu, kidonge cha kuifanya nyepesi,
mchicha kwa kipimo.
Na Mwajabu akakua,
akanipita bega, akanipita kichwa,
akapata nyonga za shangazi zake wa Kisarawe.
Aliongezeka kila upande
isipokuwa pale.

Zilianza ngazi. Chuoni Chang'ombe, ghorofa ya tatu;
alisimama ya pili akijifanya anasoma simu.
Kisha maneno: sentensi ndefu akazikata vipande.
Wakasema mvivu. Wakasema ana jini.
Mimi nilisema anywe tangawizi. Niandikieni na hilo.

Kwenye skrini ya kipimo niliiona damu ikipita,
rangi juu ya rangi, kwa vurugu,
wateja wa Kariakoo mkesha wa Idi
wanaotoka wote kwa mlango mmoja wa duka.
"Valvu haijaharibika," Daktari Kabyemera akasema.
"Inafanya kazi vizuri sana. Ni ndogo tu."

Nimeshona miaka thelathini na moja.
Nguo nzima, haina tundu, haina uzi uliolegea,
na mwenyewe hawezi kupumua ndani yake:
hiyo naijua. Hiyo huwa nalipa mimi.

Sasa wanataka kufungua tena.
Watapanua shingo ya mshipa, watie kiraka,
ishirini na tatu ipate kukaa.
Alinichorea nyuma ya risiti: mkato, kiraka, mshono wa kuzunguka.
Nikaweka kidole kwenye kona.
Hapa, nikamwambia, duara linapokutana na mkato wa wima,
usivute uzi. Kitambaa hukunja uso.
Akanyamaza. "Ndiyo, mama. Hapo hapo ndipo pagumu."

Ni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi.
Nimefumua gauni lake la mahafali,
ubavu wote wa kushoto, ubavu wote wa kulia.
Nimeweka pini tu.
Sishoni mpaka nimwone juu ya ngazi,
ananisema kwa sentensi moja ndefu.