Miwani Yenye Macho

Mwezi wa saba, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa,
nami nalehemu waya kwenye meza ya kulia.
Kamera mbili, ndogo kama mbegu za papai,
nazigandisha kwa gundi ya moto
juu ya miwani iliyompeleka Baba mwezini wiki jana,
akaishia kugonga goti kwenye kabati.

Kuona si tabu. Tabu ni kuchelewa.
Nainua mkono; mkono unainuka baadaye kidogo,
kama jibu la mtu anayetunga uongo.
Na kamera ya kushoto imekaa upande:
finjani moja inakuwa mbili, hazipatani.

Nalegeza skrubu. Nabana. Nafuta, naandika upya,
mpaka finjani zinaingiana, mvuke na yote.

“Baba, jaribu.”
Anaivaa juu ya kofia yake ya darizi.
Anashika ukuta, halafu anauacha.
Programu imemchorea samaki wa kijani zuliani;
anawaruka mmoja mmoja, kanzu mkononi,
hadi kwenye friji. Anafungua. “Mtindi umekwisha!”
anacheka, kama aliyegundua kisiwa.

Kisha ananigeukia.
Kamera zinanitazama, nyeusi, hazipepesi.
Ananyamaza
kupita ucheleweshaji wowote nilioupima.

“Salha. Mbona umekonda hivyo? Tangu lini?”

Tangu Rajabu, Baba.
Simwambii. Namwambia asitikisike,
bado natafuta sekunde zinapopotelea.